Kilomita Nne kwa Saa

Saa kumi na moja jioni Waitara alishuka kwenye bodaboda akiwa na kiti cha plastiki mkononi, chupa ya chai kwapani na tochi ndani ya mkoba. Si tochi ya kumulikia njia. Ni ile ambayo dereva akisikia ipo mbele, mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta: kidude cha kupimia mwendo wa magari. Waitara hakuwa trafiki, Mungu apishie mbali. Alikuwa mchora mistari. Miaka thelathini na moja alikuwa amepiga rangi barabara za watu, toka Singida mpaka Sirari, na sasa, akiwa na miaka hamsini na tisa na goti lililogoma kukunjika, alikuwa ametumwa peke yake kuangalia kama madereva wanaisikiliza mistari yake.

Walikuwa hawaisikilizi.

Kabla ya mwezi wa sita, lami ya kwenda Tarime ilikuwa nyeusi tupu, na madereva waliipita kwa woga kidogo, maana hawakujua barabara inaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Waitara na vijana wake wakaja na mtungi wao wa rangi ya moto, wakachora katikati, wakachora pembeni, ikapendeza. Na dereva akishaona mistari imenyooka hivyo anajiona yuko sebuleni kwake. Anakanyaga. Miezi mitatu, ajali nne, zote jua likizama. Ndipo injinia kijana akapiga simu kutoka Musoma: "Mzee wangu, nenda kanipimie Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu. Jumamosi asubuhi ripoti inaondoka."

Siku nyingine yoyote asingejali. Ila Ijumaa hiyo Waitara alikuwa na mgeni.

Mgeni mwenyewe ni Winfrida, binti yake wa pekee, aliyeolewa Kisaka. Hawakuwa wamesemezana miaka sita. Zamani, alipokuwa mtoto wa kufika kiunoni, kila baba yake aliporudi kutoka kambini alimkimbilia mpaka njiani akiwa amenyoosha mikono. "Nikupokee, tata!" Tata ndiye baba kwa Wakurya. Mkoba ulimzidi uzito, aliuburuta, lakini hakukubali kuuachia, kwa sababu alifundishwa na mama yake kwamba mtu mzima haachwi na mzigo mkononi. Kisha mama huyo, Wegesa, akaugua. Waitara alikuwa Singida. Akasema namalizia kipande hiki, nakuja. Alipofika nyumbani Nyamisangura kaburi lilikuwa na siku mbili. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Winfrida alimtazama yeye, akautazama mkoba, akaingia ndani.

Na tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja.

Halafu wiki iliyopita simu ikaita. "Tata, nakuja Ijumaa na Vicent. Nakuletea mjukuu wako umwone. Tumempa jina la mama." Waitara alifagia nyumba mara tatu. Alinunua vikombe viwili vipya na kimoja kidogo cha bati. Injinia alipompa kazi ya Ijumaa, Waitara akaona kwa kuwa wageni wanatoka Kisaka, na njia yao ni ile ile, watampitia pale kwenye njia panda waende pamoja. Hakutaka Winfrida asikie tena kwamba baba yake yuko barabarani na haji.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyomfanya akubali kwenda, lakini hiyo hakumwambia mtu.

Kwenye kibanda cha mabati pembeni ya njia panda, Tabitha muuza chai alikuwa anafunga vyombo vyake, ingawa jua bado lilikuwa juu ya vilima.

"Shikamoo, baba. Umerudi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi. Nipo mpaka saa moja na nusu."

Tabitha akaacha kufunga. "Sisi hapa saa kumi na mbili hatupo."

"Biashara mbaya?"

"Biashara nzuri tu." Akatazama barabarani, akashusha sauti. "Unamkumbuka Mama Simioni?"

Angemsahauje? Miaka kumi na moja iliyopita kijana wa bibi yule, Simioni, aligongwa pale na lori. Tangu hapo, kila jioni, mama yake alitoka bomani na mzigo wa matawi mabichi kichwani, akayalaza barabarani, matatu hapa, matatu pale. Kote nchini dereva akiona majani juu ya lami anajua mbele kuna gari bovu, na hata awe mwehu kiasi gani anapunguza. Hapakuwa na gari bovu. Palikuwa na bibi mmoja na matawi yake, na kwa miaka kumi na moja hakufa mtu mwingine pale.

Ni Waitara aliyeyafagia. Rangi haishiki juu ya uchafu. Vijana wakafyeka na vichaka vyote mita mia kila upande ili madereva waonane, na bibi alipokuja na mzigo wake akakuta hana hata pa kukata. Akasimama anashangaa. Waitara akamsogelea kwa upole, kama mtaalamu.

"Mama, kapumzike sasa. Mistari hii ina macho. Tunaimwagia shanga za kioo ikiwa bado ya moto. Taa ya gari ikipiga, inawaka. Itakesha badala yako."

"Yote?" aliuliza bibi.

"Yote, mama."

Basi akashusha mzigo, akaenda zake.

"Tulimzika mwezi wa saba," Tabitha alisema. "Lakini jioni anapita, baba. Utingo wa Fuso alimwona. Mimi mwenyewe nimemwona. Ana mzigo wake kichwani, anaomba watu wampokee. Hapa tumeambiana: ukimwona, msalimie, ni mtu mzima. Ila mzigo usiupokee."

"Ukiupokea je?"

"Sijui. Hakuna aliyepokea."

Akabeba masufuria yake na kuondoka haraka, bila hata kumuuliza kama atakunywa chai.

Waitara alipanda na kiti chake hatua mia na hamsini juu ya mteremko, akajibanza nyuma ya lundo la kokoto. Ukikaa wazi madereva wanakuona, wanawashiana taa kuambizana kuna tochi mbele, na wote wanageuka kuwa malaika. Alitaka kuwapima wakiwa watu. Akaandika kwenye karatasi: Probox, 88. Fuso, 91. Hiace ya abiria, 102. Basi la Mwanza, usiulize.

Kuna Probox moja iliyomkera kwa mwendo wake. Akasimama na kizibao chake cha kung'aa, akapunga mikono miwili, taratibu jamani. Dereva alipoona mtu anapunga mikono peke yake porini jioni, aliongeza mafuta. Toka 90 mpaka 108. Waitara alicheka peke yake. Nani angesimama? Njia zile watu walishasimamishwa sana na wezi wa ng'ombe na wezi wa kila kitu. Majani barabarani yanapunguza gari, mtu anayepunga anaikimbiza.

Kutoka pale juu aliiona njia panda yote. Imekaa kama manati. Barabara ya vumbi ya Kisaka inateremka kilima chake, na mita thelathini za mwisho imetandikwa lami. Hapo ndipo penye mtego. Mwenye pikipiki ametikiswa na mawe saa nzima, ghafla anapata ulaini chini ya tairi, na mkono unafungua mafuta bila kuambiwa. Na kwa kuwa njia inaingia kwa ubavu, haikati kona, hana sababu ya kupunguza wala kugeuza shingo. Kitu pekee kinachomwambia simama, kuna lori linashuka upande wako wa kulia, ni mstari mmoja mnene mweupe uliolala mbele yake.

Mstari huo ndio ile sababu ambayo Waitara hakumwambia mtu.

Ulikuwa wa mwisho kuchorwa, jioni ya siku ya mwisho. Rangi ilikuwa inapoa, vijana wana njaa, na mfuko wa shanga ukaisha. Mfuko mwingine ulikuwa kambini, kilomita kumi na mbili. Waitara aliutazama mstari ukiwa bado unatoa mvuke. Nani ataona, alijiambia. Mchana ulikuwa mweupe kuliko mistari yote. Akafunga mtungi.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini simu iliita.

"Tumeshatoka, tata," Winfrida alisema. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu, na nyuma yake mtoto anapiga kelele za furaha. "Nusu saa hivi. Uko pale?"

"Nipo. Winfrida, mwambie Vicent mkifika kwenye lami asimame. Asimame kabisa."

"Kuna nini?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mepesi tu: mstari wangu hauonekani gizani. Lakini ilikuwa mara ya pili tu kusikia sauti ya binti yake kwa miaka sita, na aliona aibu.

"Kuna mstari pale," alisema.

"Si tutauona, tata," Winfrida alijibu, na mtandao ukakata.

Jua likazama. Magari yakaanza kuwasha taa, na mistari ikafumbua macho yake. Wa katikati ukawaka, wa pembeni ukawaka, mpaka chini kabisa. Pikipiki moja ikaja kutoka Kisaka, na Waitara akauangalia mstari wake wa mwisho. Taa ya pikipiki ikaupiga.

Haukuwaka.

Ulikuwa kijivu juu ya kijivu. Pikipiki ikapita juu yake bila kujua kama upo, ikaingia barabara kuu mwendo wa 61. Bahati yake hapakuwa na gari. Waitara alipiga simu. Inaita, haipokelewi. Nani anapokea simu juu ya pikipiki, na mtoto mgongoni? Akapiga tena. Akaamua liwalo na liwe, anashuka kwenda kusimama pale kwenye mdomo wa njia mpaka wafike. Akaiweka tochi juu ya kiti ikiwa bado inawaka.

Tochi ikalia.

Akageuka. Barabara ilikuwa tupu, juu na chini. Kwenye kioo cha tochi palikuwa na namba.

4.

Tochi haipimi upepo wala majani. Inapima kitu kinachokuja. Na kinachokwenda kilomita nne kwa saa si gari, si pikipiki, si ng'ombe anayerudi zizini, maana ng'ombe angemwona. Ni mtu anayetembea. Mtu mzima, mwenye mzigo.

4.

4.

3...

Wadudu walinyamaza. Kisha ikaja harufu... ya majani mabichi yaliyotoka kukatwa, utomvu bado unachuruzika. Mita mia kila upande hapakuwa na kichaka. Yeye ndiye aliyeamuru vifyekwe.

Kioo cha tochi kikawa cheusi. Maana yake alichokuwa anapima kimesimama.

"Hodi, mura," sauti ilisema nyuma yake, ikimwita kijana kwa Kikurya.

Waitara hakugeuka mara moja. Mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu utotoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alipogeuka alikuwa pale, hatua tatu tu, mdogo kuliko alivyomkumbuka, kanga ile ile, mzigo wa matawi kichwani. Uso ulikuwa chini ya kivuli cha majani. Shingo yake ilitetemeka kwa uzito.

"Nimechoka, mwanangu," alinong'ona. "Nipokee."

"Mama, wewe... kapumzike."

"Uliniambia hivyo. Nikaenda kulala." Akavuta pumzi, au kitu kama pumzi. "Sasa silali. Mistari yako inakesha?"

Angeweza kumdanganya injinia. Angeweza kumdanganya Winfrida, na alikuwa ametoka kufanya hivyo. "Yote inakesha, mama," alianza, kisha akajirekebisha. "Mmoja... mmoja haukeshi. Shanga ziliisha. Nilikuwa mvivu, mama. Nisamehe."

"Najua ni upi. Nakaa juu yake kila jioni. Nayalaza matawi, hayalali. Mikono yangu haishiki tena huku." Akainama kidogo, mzigo ukamsogelea. "Nipokee."

Waitara akarudi nyuma hatua moja. Usiupokee, Tabitha alisema. Na yeye hakutaka kuupokea. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka kuosha vile vikombe, kumimina chai katika viwili na maziwa katika kile cha bati, kukaa na watu mezani. Alikuwa amekula peke yake miaka sita na alikuwa amechoka nako, na leo ilikuwa mwisho. Nusu saa tu.

Haikuwa nusu saa. Juu ya kilima cha Kisaka taa moja ilichomoza, ikitikisika juu ya mawe.

Na wakati huo huo, nyuma yake, juu ya mteremko, akasikia Fuso la mchanga likibadilisha gia.

Waitara alikimbia. Goti likagoma, akalilazimisha. Akavua kizibao, akakipunga juu ya kichwa, akapiga kelele "Vicent! Simama!" na pumzi ikamwisha kabla sauti haijafika popote. Taa ya pikipiki ilimwona, kwa mbali, mtu anayekimbia barabarani gizani na kupunga kitu.

Pikipiki ikaongeza mwendo.

Ikashuka kwenye vumbi, inakaribia ule ulaini wa lami. Nyuma, kwenye kiti, tochi ilikuwa inalilia lori peke yake. Waitara hakuhitaji kusoma. Masikio yake ya miaka thelathini na moja yalimwambia: tisini na kitu, na halina haraka ya kupungua.

Bibi alikuwa ubavuni mwake. Hakukimbia. Alikuwa pale tu.

"Nipokee," alisema, kwa upole.

Waitara akanyoosha mikono miwili, kama unavyopokea mzigo wa mtu mzima, akaupokea.

Ulikuwa mzito. Uzito wake haukuwa wa majani. Lakini kitu kimoja kilikuwa ajabu, goti halikuuma tena. Njia iliyombakia aliipita bila kuisikia chini ya miguu. Akayalaza matawi matatu mbele ya mstari, matatu nyuma yake, matatu tena, na safari hii yalilala. Taa ya pikipiki ikayapiga, majani mabichi yakang'aa kuliko shanga yoyote aliyowahi kumwaga. Akasikia breki. Akasikia Vicent akisema, "Kuna gari bovu mbele," na tairi zikasota, pikipiki ikasimama hatua mbili kutoka kwenye tawi la kwanza.

Fuso likapita. Lilipita pale Waitara alipokuwa amesimama, na alichosikia ni upepo tu.

Aliangalia juu ya mteremko. Mama Simioni alikuwa anaondoka zake kuelekea bomani, mikono mitupu, akiitikisa kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya safari ndefu. Hakugeuka.

Waitara akawageukia wanawe. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Winfrida! Mko salama? Mtoto?"

Winfrida alikuwa ameshuka, anamfunga mtoto vizuri mgongoni. Alikuwa amenenepa kidogo, na kwa upande alifanana na mama yake mpaka inauma. Akatazama huku na huku.

"Tata!" aliita.

"Nipo hapa."

"Tata!"

Macho yake yalipita juu ya baba yake na kwenda mbele. Waitara akajitazama. Kizibao hakuwa nacho, kilikuwa kimelala chini kwenye lami. Mikononi alikuwa na matawi. Alikuwa ameyalaza yote, lakini mikono ilikuwa imejaa tena.

Walipanda hadi kwenye lundo la kokoto, mume mbele na mke nyuma, na yeye akawafuata akiongea, akiwaeleza, akiomba radhi. Walikuta kiti, chupa ya chai, karatasi na mkoba. Vicent akaita mara mbili tatu, akamulika na simu. Hakuna kitu. Winfrida alikaa kwenye kiti cha baba yake, akasema kitu ambacho Waitara angelipa chochote asikisikie.

"Amechagua barabara tena."

"Mwanangu, si hivyo," Waitara alisema, akamwendea.

Kwenye mapaja ya Winfrida, tochi ikalia.

Akaiinua, akaitazama. Barabara ilikuwa tupu. Vicent alisema labda imeharibika. Namba ilikuwa inarudi na kurudi, 4, 4, 4, na kadiri baba yake alivyomkaribia ndivyo mtoto mgongoni, Wegesa mdogo, alivyonyoosha mkono kuelekea pale pasipokuwa na mtu, akicheka. Waitara akasimama, akaogopa. Kioo kikawa cheusi.

"Tata?" Winfrida alinong'ona.

Vicent akamshika mkono, akamvuta kwenye pikipiki, wakaondoka.

Walimtafuta wiki mbili. Polisi walikuja, wakafuata mtaro, wakauliza madereva, wakapekua mashamba mpaka Kisaka. Mwili haukuonekana. Dereva wa Fuso lile aliapa mbele ya watu kwamba hakugonga kitu, na gari lake halikuwa na alama. Wengine walisema mzee alivuka mpaka na kwenda zake Kenya. Wengine walisema amechukuliwa na wachawi analimishwa mahali. Tabitha alihamisha kibanda chake.

Injinia alituma mtu mwingine akapime. Karatasi zake zilionyesha kwamba jua likizama, magari yote yanayofika njia panda ile yanashuka mpaka thelathini, hata yale mabasi. Injinia alifurahi. Aliandika kwenye ripoti kwamba alama za barabarani zimeanza kuzoeleka na madereva. Pale kwenye kumbukumbu za tochi ya Waitara palipobaki 4, 4, 3, aliweka alama ya kuuliza, kisha akaifuta.

Madereva wenyewe wanajua. Wakipishana karibu na pale wanawashiana taa, lakini si kwa ajili ya trafiki.

Na kila Ijumaa jioni Winfrida anakuja. Peke yake, mtoto anamwacha nyumbani. Anakaa kwenye jiwe karibu na mstari na chupa ya chai na vikombe viwili, vile vipya alivyovikuta Nyamisangura, na anaongea. Mwanzoni aliongea kwa hasira, siku hizi anaongea tu: mtoto ameota jino, Vicent amenunua ndama, mvua imechelewa. Waitara anasimama kando ya barabara na mzigo wake na kusikiliza, na hapo ndipo anapojua wiki imepita. Ni mtu mmoja tu anayemsemesha, na hawezi kumjibu.

Ijumaa iliyopita mwanga ulikuwa wa ajabu, mwekundu, na vumbi lilikuwa limesimama hewani. Winfrida alikuwa anamimina chai. Akainua kichwa. Akatazama, na macho yake safari hii hayakupita. Yalisimama usoni kwa baba yake, yakateremka mpaka kwenye mikono yake, kwenye matawi.

Kikombe kikamdondoka.

Hakupiga kelele. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaja, haraka haraka, kama alivyokuwa anakuja zamani akiwa wa kufika kiunoni. Akanyoosha mikono miwili.

"Tata," alisema. "Nikupokee."

Miaka sita Waitara alikuwa amelisubiri neno hilo. Mikono yake ilisogea mbele yenyewe, kwa mazoea, na majani ya mwanzo yakakaribia kugusa vidole vya binti yake.

Akayavuta. Akaukumbatia mzigo kifuani, wote, lisibaki hata tawi moja nje, akamgeuzia mtoto wake mgongo.

"Tata, nimesema nikupokee!" Winfrida alikuwa analia sasa. "Twende nyumbani!"

Lori lilikuwa linashuka. Waitara alikwenda kulaza matawi yake, polepole, bila kugeuka nyuma.